Kwa Nini Katalogi Haimjui Machinga

Mwanafunzi anaandika "machinga" kwenye katalogi ya maktaba ya chuo, anabonyeza, na kinachorudi ni vitabu viwili, pengine patupu. Anajaribu "wamachinga". Hakuna. Baada ya siku mbili tatu sentensi inaingia katika sura ya kwanza ya tasnifu: "Tafiti chache sana zimefanywa kuhusu mada hii." Msimamizi anaizungushia kalamu nyekundu, kwa sababu anajua kuwa biashara ya mitaani ya Dar es Salaam imeandikiwa tangu enzi za ukoloni. Walioiandika hawakutumia neno la mwanafunzi, basi.

Sehemu kubwa ya ugumu wa kutafuta marejeo katika sayansi za jamii iko hapo. Anayetafuta malaria atakuta dunia nzima inaiita malaria. Sosholojia, siasa na uchumi hazina bahati hiyo. Jambo lilelile serikali inaliita hivi, wasomi vile, magazeti vingine, na majina yote hayo hubadilika utawala unapobadilika. Makala haya yanaifuata mada hiyo moja, wamachinga wa Dar es Salaam, kutoka neno la kwanza hadi orodha ya marejeo. Anayetafiti ndoa za utotoni, vikoba au bodaboda atabadilisha maneno, lakini njia ni ileile.

Vuna maneno kwanza

Tuseme swali ni hili: kuondolewa kwa wamachinga barabarani kuliathiri vipi kipato cha wanawake wachuuzi wa Dar es Salaam? Usiliandike swali zima kwenye kisanduku cha kutafutia. Kata vipande: nani (wachuuzi), kimetokea nini (kuondolewa), kikaathiri nini (kipato), wapi (Dar es Salaam). Chora safu nne kwenye karatasi na chini ya kila moja uandike kila jina ambalo kitu hicho kimewahi kupewa.

Kwa kuwa kanzidata nyingi (hazina za kidijitali za kutafutia makala na vitabu) ni za Kiingereza, safu ya kwanza itajaa "street vendors", "street traders", "hawkers", "petty traders", na rekodi nyingine za katalogi bado zina neno kuukuu "peddlers". Safu ya pili itakuwa na "eviction", "relocation", "displacement", "clearance". Kwa Kiswahili andika machinga, wachuuzi, wafanyabiashara ndogondogo, wajasiriamali wadogo.

Kisha weka miaka mbele ya maneno, maana neno lina umri. "Informal sector", ambalo leo linaonekana la kawaida kabisa, lilienea baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira Kenya, ya mwaka 1972, na baada ya utafiti wa mwanaanthropolojia Keith Hart kuhusu Accra uliochapishwa 1973. Ukilitafuta hilo tu, umejifungia mlango wa kila kilichoandikwa miaka ya 1950 na 1960, ambako utakuta "hawkers" na leseni zao. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria ya nguvukazi, na wachuuzi wengi wa mjini walihesabiwa pamoja na "wazururaji" na watu "wasio na kazi". Desemba 2018 serikali ilianza kugawa vitambulisho vya shilingi 20,000, na jina lililotumika hapo ni "wajasiriamali wadogo". Mwaka 2021, walipotolewa kandokando ya barabara, lugha ya viongozi ilikuwa "kuwapanga" na kuwapeleka "maeneo rasmi". Mtafiti anayetafuta neno "kufukuzwa" kwenye hotuba za serikali hatalipata, si kwa sababu jambo halikutokea, bali kwa sababu mwenye kulifanya hakuliita hivyo. Huo wenyewe ni ushahidi wa kuandikia aya nzima.

Ukiishiwa maneno, yaazime. Pata makala moja tu nzuri, utazame maneno muhimu yaliyoorodheshwa chini ya ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala. Kisha fungua rekodi ya kitabu kimoja kinachofaa kwenye katalogi, ushuke hadi kwenye vichwa vya mada. Hivyo si maneno ya mwandishi. Mkutubi ameyachagua kutoka orodha maalumu ili vitabu vya jambo moja vikae chini ya jina moja, hata kama kila mwandishi alitumia lake. Bofya kichwa cha mada kinachofaa, na vitabu vyote vilivyopewa kichwa hicho vitajipanga mbele yako. Kubofya huko mara moja huleta vingi kuliko nusu saa ya kubahatisha.

Kuyaunganisha maneno

Kanzidata haielewi sentensi yako, inalinganisha herufi. Inakubali maagizo matatu, yote kwa herufi kubwa: OR kuunganisha majina ya kitu kimoja, AND kuunganisha vitu tofauti, NOT kutoa usichotaka. Safu zile nne zinageuka hivi:

("street vendors" OR "street traders" OR hawkers OR machinga) AND (eviction OR relocation OR displacement) AND ("Dar es Salaam" OR Tanzania)

Alama za nukuu zinashikilia maneno mawili yakae pamoja. Bila hizo, "street" inaweza kutoka ukurasa wa 3 na "vendors" ukurasa wa 19. Mabano yanaiambia mashine ianze na kipi. Ukiyasahau, mashine inaweza kusoma "hawkers" kama ombi la kujitegemea na kukuletea wachuuzi wa Mumbai, Lima na Lagos.

Makosa yanayojirudia ni machache na yanajulikana. La kwanza ni "or" ya herufi ndogo, ambayo Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia kazi za kitaaluma, hauitambui kama agizo. La pili ni kunakili mstari kutoka Word, ambayo hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Baadhi ya kanzidata hazizitambui zilizopinda, na matokeo yanakuwa sifuri bila maelezo yoyote. Andika mstari wako kwenye kihariri cha maandishi matupu. La tatu ni kukata neno vibaya. Kinyota mwishoni mwa shina huleta viambishi tamati vyote: vendor* italeta umoja na wingi. Lakini trad* italeta pia "tradition" na "traditional", nawe utazama katika ngoma na matambiko. Kata baada ya herufi inayotofautisha: trader*. Google Scholar haikifuati kinyota hicho kabisa, kwa hiyo huko andika maneno kamili.

Na hapa Kiswahili kina shida yake ambayo miongozo ya Kiingereza haiitaji. Kinyota kiliundwa kwa lugha zinazobadilisha mkia wa neno. Sisi tunabadilisha kichwa. Mchuuzi, wachuuzi, uchuuzi, mfanyabiashara, wafanyabiashara, machinga, wamachinga. Kinyota hakisaidii mbele ya neno katika kanzidata nyingi, basi orodhesha sura zote kwa OR. Orodhesha pia tahajia: ndogondogo, ndogo ndogo, ndogo-ndogo. Ripoti za serikali zimetumia zote.

Kuna na mtego wa jina. Machinga ni wilaya ya Malawi, na watafiti wa afya na kilimo wameiandika sana. Ukitafuta machinga peke yake utaletewa vyandarua na mahindi. Kishawishi ni kuongeza NOT Malawi, lakini NOT ni panga lisilochagua: inatupa pia makala yoyote ya Tanzania iliyotaja Malawi mara moja katika kulinganisha. Afadhali kuongeza AND Tanzania na kuvumilia takataka kidogo.

Matokeo yakiwa chini ya 10, ondoa safu moja nzima, kwa kawaida ile ya athari (kipato), kwa sababu waandishi wengi hawaitaji katika ikisiri. Yakiwa maelfu, usiongeze maneno ovyo; iambie kanzidata itafute kwenye kichwa cha makala au ikisiri tu. Vichwa mia moja hivi vinapitika kwa macho ndani ya saa moja.

Wapi, na kwa mpangilio gani

Anza na katalogi ya chuo, kwa vitabu na tasnifu. Kisha Google Scholar, kwa upana wake. Ujue tabia zake: haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikidai imepata 20,000, na inapendelea kazi zilizotajwa mara nyingi, kwa hiyo kazi za zamani hukaa juu na ya mwaka jana iko ukurasa wa sita. Chuja kwa mwaka. Kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya viungo vya maktaba. Ongeza jina la chuo chako, na iwapo maktaba imejiunga na huduma hiyo, kiungo cha makala zinazolipiwa na chuo kitatokea pembeni.

JSTOR ni hazina ya majarida ya nyuma, mara nyingi hadi toleo la kwanza kabisa. Majarida mengi humo hucheleweshwa miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuingizwa, kwa hiyo mwanafunzi anayeitegemea JSTOR pekee kwa tukio la 2021 atakosa mengi bila kujua kwamba amekosa. AJOL, yenye makao Afrika Kusini na iliyoanza 1998, ina majarida yanayochapishwa barani Afrika. Wanafunzi huiruka kwa kudhani kuwa ya ng'ambo ndiyo ya maana, ilhali makala ya mtafiti aliyekaa Kariakoo miezi sita inaweza kuwa humo na isionekane kwingine. Research4Life hufungua majarida ya kulipia kwa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo, na tangu 2018 ina programu ya GOALI inayogusa sheria na sayansi za jamii. Nenosiri lake analo mkutubi. Halibandikwi ukutani, lazima uombe.

Tasnifu za wenzako ziko kwenye hifadhi za kidijitali za vyuo: Dar es Salaam, Sokoine, Chuo Kikuu Huria, Nairobi na vingine. Soma sura ya pili ya tasnifu mbili tatu za miaka ya karibuni kwa ajili ya marejeo yake, si kwa ajili ya kuinakili. Makosa ya kunukuu hurithiwa kutoka tasnifu hadi tasnifu kama jina la ukoo.

Ukigonga ukuta wa malipo, usilipe. Bofya "All versions" chini ya tokeo katika Google Scholar. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala kwenye tovuti ya chuo chake. Weka kwenye kivinjari kiongezi cha Unpaywall, kinachotafuta nakala halali ya bure. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu: wewe ni nani, unatafiti nini, unaomba makala ipi. Wengi hutuma, maana wao hawapati chochote kwa ile ada.

Kwenye shelfu

Wanafunzi wengi siku hizi hawafiki hapa, na wanapoteza. Maktaba nyingi za vyuo vikuu hupanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambamo H ni sayansi za jamii, J siasa, L elimu na DT historia ya Afrika. Tatizo ni kwamba mada yako imetawanywa. Kitabu cha uchumi usio rasmi kitakuwa karibu na HD2346, cha uchuuzi HF5459, cha ukuaji wa miji HT384, na historia ya Dar es Salaam yenyewe iko DT449. Hakuna shelfu ya wamachinga. Andika namba zote nne, uzunguke.

Namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu inasomwa kipande kwa kipande. HD2346 ni namba nzima, hivyo HD400 inatangulia HD2346. Lakini kinachofuata nukta, kama .T34, ni desimali: .T34 inatangulia .T4, kwa sababu 0.34 ni ndogo kuliko 0.4. Anayeisoma kama thelathini na nne atatafuta mbele zaidi, asikute, na kwenda kuripoti kwamba kitabu kimeibwa. Katika maktaba za umma, zinazotumia mfumo wa namba wa Dewey, tazama 331 kwa kazi na ajira, 338 na 381 kwa uzalishaji na biashara, na 967.8 kwa historia ya Tanzania. Kitabu ulichokifuata ukikipata, soma migongo ya vitabu kumi vya kushoto na kumi vya kulia kabla ya kuondoka.

Kuna pia mikusanyo ambayo haimo kwenye shelfu za wazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa East Africana, wenye ripoti, tasnifu na machapisho ya eneo hili, na vitu vyake husomewa humohumo. Nenda na namba ya kila unachotaka imeshaandikwa, kitambulisho, na penseli.

Kufuata nyayo mbele na nyuma

Makala moja nzuri ina thamani kuliko utafutaji kumi mpya. Ukirudi nyuma, unapitia marejeo yake na kuweka alama kwa yale yanayotajwa pia na makala nyingine ulizonazo. Kazi iliyotajwa na waandishi watatu wasiofanana ni ya kusoma lazima. Ukienda mbele, unabofya "Cited by" chini ya makala hiyo katika Google Scholar na kuona nani ameitaja tangu hapo. Orodha hiyo ikiwa ndefu, weka alama kwenye kisanduku cha kutafuta ndani yake na uandike "Tanzania". Hivi ndivyo utakavyogundua kwamba hoja ya 1997 unayoitegemea ilishapingwa 2010, kabla msimamizi hajakugundulia.

Utajua umetosheka pale ambapo makala mpya tatu mfululizo zina marejeo ambayo karibu yote unayo tayari.

Jarida la kweli na jarida la kukodi

Kuonekana kwenye Google Scholar si cheti cha ubora. Humo mna tasnifu, rasimu za warsha, na makala za majarida yanayochapisha chochote kwa ada. Jarida la namna hiyo lina dalili: linaahidi kukubali makala ndani ya siku chache, linachanganya uuguzi, uhandisi na historia katika toleo moja, linajisifu kwa kipimo cha athari ("impact factor") ambacho hakitolewi na shirika linalojulikana, na wahariri wake, ukiwatafuta kwenye tovuti za vyuo vyao, hawataji jarida hilo popote. Kutoza ada peke yake si dalili, kwani majarida mengi mazuri ya ufikiaji huria, yanayosomwa bure, huwatoza waandishi. Kagua kama limo DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza 2003, au AJOL. Kutokuwemo si hukumu, lakini ni sababu ya kusoma kwa jicho kali zaidi.

Kwa tovuti za mashirika, usikae kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi" ukitafuta ukweli, maana ukurasa huo shirika limeuandika lenyewe. Toka, fungua dirisha jingine, utafute wengine wanasema nini juu yake: linafadhiliwa na nani, limewahi kupingwa na nani. Ripoti ya shirika linalotetea wachuuzi na ripoti ya halmashauri iliyowaondoa zote zinatumika, mradi msomaji wako aelezwe nani anaongea.

Takwimu zina maelezo yake ya chini

Hapa ndipo tasnifu nzuri huanguka. Mwanafunzi anaandika kwamba sekta isiyo rasmi inaajiri asilimia fulani, aya inayofuata ananukuu asilimia nyingine iliyo juu maradufu, na haoni mgongano. Mara nyingi namba zote mbili ni sahihi, ila zinahesabu vitu tofauti. Sekta isiyo rasmi, kwa ufafanuzi wa kimataifa wa 1993, inahesabu biashara: je, kibanda hiki kimesajiliwa? Ajira isiyo rasmi, kwa mwongozo wa 2003, inahesabu kazi: je, mtu huyu ana mkataba na hifadhi ya jamii? Kijana anayefanya kazi bila mkataba kwenye kampuni iliyosajiliwa yumo katika hesabu ya pili na hayumo katika ya kwanza. Zaidi ya hapo, tafiti za nguvukazi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu huhesabu kilimo peke yake, nje ya sekta isiyo rasmi. Ukikiingiza, asilimia inaruka juu.

Idadi ya watu nayo ina yake. Sensa ya usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, ambao 5,383,728 walikuwa Dar es Salaam. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa kabla ya matokeo hayo yaliweka Tanzania juu ya milioni 65 kwa mwaka uleule. Ya kwanza ni hesabu, ya pili ni zao la mfano wa kihesabu. Chagua moja na uiseme, kisha uitumie mpaka mwisho. Anayegawanya idadi ya wachuuzi kutoka chanzo kimoja kwa idadi ya watu kutoka chanzo kingine anapata kiwango ambacho hakipo popote duniani.

Kila jedwali lina vitu vinne vya kunakili pamoja na namba: mwaka wa kukusanya data (si wa kuchapisha), eneo, umri wa waliohojiwa, na kipimo. Kipimo ndicho kinachosahaulika. Jedwali likiandikwa "katika maelfu" juu kulia, 412 ni watu laki nne na elfu kumi na mbili.

Magazeti, Bunge na nyaraka

Kwa tukio la karibuni, majarida huchelewa miaka miwili au mitatu, hivyo ushahidi wa kwanza uko kwingine. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge ziko kwa Kiswahili kwenye tovuti ya Bunge, kwa kila kikao na kila siku. Faili nyingine ni picha za kurasa, na Ctrl+F haitaona neno humo. Jaribu kutafuta neno la kawaida kama "Mheshimiwa", na lisipotokea hata mara moja, ujue faili haisomeki kwa mashine na itabidi uipitie kwa macho. Hukumu za mahakama ziko kwenye tovuti za TanzLII kwa Tanzania na Kenya Law kwa Kenya. Katika magazeti, jua unachoshika: Uhuru lilikuwa la chama, Daily News la serikali. Habari yao ya 1983 kuhusu msako wa wazururaji ni ushahidi mzuri wa namna serikali ilivyotaka msako uonekane, na ushahidi dhaifu wa idadi ya waliokamatwa.

Rejea zisizokuwepo

Ukiiomba programu ya akili unde ikupe marejeo kumi kuhusu wamachinga, itakupa kumi, yamepangwa vizuri, na baadhi hayajawahi kuandikwa na mtu. Ya uongo yanadanganya kwa sababu vipande vyake ni vya kweli: mwandishi yupo, jarida lipo, mwaka unafaa. Kisichokuwepo ni makala. Kukagua kunachukua dakika mbili. Bandika namba ya DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala kinachoanza na 10., baada ya doi.org/; ikileta makala ya somo jingine au kosa, jibu umelipata. Kama haina DOI, fungua tovuti ya jarida, nenda kwenye juzuu na toleo lililotajwa, utazame yaliyomo. Kurasa zilizotajwa, tuseme 112 hadi 130, huwa na makala ya mtu mwingine. Programu hizo zinafaa zaidi kwenye hatua ya kwanza, ya kuvuna visawe, kwa sababu kisawe kibaya kitajionyesha chenyewe kwa kutoleta kitu.

Usinukuu pia ulichosomea kwa mtu mwingine kana kwamba umekiona. Ukikuta Hart ndani ya makala ya mwandishi wa 2015, ama umtafute Hart mwenyewe, ama uandike kwamba amenukuliwa humo.

Kutunza

Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure na inadaka taarifa za makala kutoka kwenye kivinjari. Ikague kila mara: vichwa huingia vyote kwa herufi kubwa, kurasa hukosekana, na majina hugeuzwa. Majina yetu ndiyo yanayoumia zaidi. Katika mtindo wa kunukuu wa APA, toleo la 7, jina la mwisho hutangulia, basi Asha Ali Juma anakuwa Juma, A. A.; lakini makala nyingine ikimwandika Asha Ali, fuata kilichoandikwa kwenye makala hiyo, usimsahihishe. Ukiandika kwa Kiswahili, programu itaacha "&" au "and", na "et al.", mahali idara inapotaka "na" na "na wenzake". Serikali nayo ni mwandishi: ripoti tatu za Jamhuri ya Muungano za mwaka mmoja zinahitaji 2022a, 2022b na 2022c, la sivyo msomaji hatajua ni ipi. Na kwenye katalogi zitafute chini ya jina la nchi, kisha wizara au taasisi.

Kwa usomaji, lahajedwali moja inatosha: mwandishi na mwaka, swali lake, eneo, mbinu na idadi ya waliohojiwa, alichogundua pamoja na namba ya ukurasa, na asichokigusa. Safu ya ukurasa ijazwe wakati huohuo. Kuitafuta wiki ya kuwasilisha ni adhabu.

Jedwali la pili ni la utafutaji wenyewe: tarehe, kanzidata, mstari uliouandika neno kwa neno, matokeo mangapi, umechukua mangapi. Linachukua sekunde thelathini kwa kila utafutaji, na linamsaidia mkutubi kuona kosa lako kwa mtazamo mmoja ukienda kuomba msaada. Likishajaa, ile sentensi ya sura ya kwanza inaweza kuandikwa upya: katika katalogi ya chuo, JSTOR, AJOL na Google Scholar, kwa maneno haya, kwa machapisho ya 1972 hadi mwaka huu, zimepatikana kazi 64 kuhusu wachuuzi wa Dar es Salaam, na tano tu zimetenganisha kipato cha wanawake na cha wanaume. Namba hizo ni za mfano. Zako zitatoka kwenye jedwali lako.